Waya wa Zambarau: Namna ya Kuitambua Pawasaplai ya Kweli

Kuna pawasaplai inayosifiwa sana mjini siku hizi. Boksi lake lina dirisha la plastiki, feni inawaka rangi saba, ubavuni imeandikwa wati 700 kwa herufi za dhahabu, na ukiinyanyua ni nyepesi kama mfuko wa bisi. Vijana wanaifunga kwenye kesi zenye ubavu wa kioo, wanazima taa ya chumba, wanapiga picha. Juzi nimeikuta hata kwa mhasibu mmoja ninayemheshimu, mtu asiyetoa shilingi bila hati. "Fundi, safari hii nimepata yenyewe," akaniambia. "Haina kelele, na tazama inavyowaka." Nikaigeuza nisome stika. Volti 12, ampea 18.

Anayejua kuzidisha ameshaelewa. 12 mara 18 ni 216. Wati 484 zilizobaki zimeokotwa kwenye laini ya 5, laini ya 3.3, ile ya -12, na bidii ya mchapaji wa stika. Tangu Pentium 4 ilipoingia sokoni mwaka 2000 na ile plagi ya pini nne, prosesa inakula kwenye laini ya 12, na kadi ya michoro nayo ikafuata huko huko. Kwa mashine ya leo laini ya 12 ndiyo pawasaplai yenyewe. Zilizobaki ni wasindikizaji. Pawasaplai ya wati 500 inayojiheshimu itaandika ampea 38 hadi 41 kwenye laini hiyo, tena kwa herufi za kawaida.

Wapo wanaojiona wameshavuka hatua hii kwa sababu wanaitafuta nembo ya 80 PLUS. Nembo hiyo ilianza mwaka 2004, ngazi za shaba, fedha na dhahabu zikaongezwa 2008, na siwezi kuidharau. Ila inapima ufanisi, yaani umeme kiasi gani unaotoka ukutani unafika kwenye bodi badala ya kugeuka joto. Kuhusu volti kutulia, haisemi neno. Tena vipimo vyake hufanyika kwenye nyuzi 23, joto ambalo Dar es Salaam mwezi Februari unalipata ndani ya benki tu. Na kuchapa nembo kwenye stika ni rahisi kuliko kuipata: orodha ya waliopimwa ipo wazi, kila modeli kwa jina lake, na mimi sinunui nembo ambayo sijaiona kwenye orodha.

Niweke hapa kanuni chache zisizo na mjadala. Pawasaplai nzuri haina taa. Haina jina la mnyama mkali. Rangi yake ni kijivu cha bati, si nyeusi ya kung'aa. Waya zake zina rangi zake za asili: njano, nyekundu, chungwa, nyeusi, kijani, kijivu, buluu na zambarau. Huu mtindo wa kuzifanya waya zote nyeusi ili zipendeze kwenye kioo ni uhuni dhidi ya fundi, na walioubuni hawajawahi kupima chochote gizani chini ya meza ya mteja.

Kusoma stika, hata hivyo, ni kazi ya dakika moja; mnunuzi yeyote akielekezwa mara moja ataiweza. Kinachonikera hasa ni kitu ambacho hata mafundi wenye meza na leseni wanakiruka. Ni ule waya wa zambarau.

Mtazame fundi wa siku hizi anavyopima. Anachukua kipini cha karatasi, anaunganisha wa kijani na mweusi, feni inazunguka, anasema, "Nzima hii." Mwenye bidii zaidi anachomeka mita kwenye wa njano, anasoma 12, anaridhika. Mwingine ana kile kitesta chenye kioo na taa za kijani, kinacholia pii kila laini ikipita, nacho kinaipa pawasaplai mzigo usiotosha hata kuipasha joto. Vipimo vyote hivyo vinathibitisha jambo moja, kwamba feni ni nzima. Wa zambarau hakuna anayeujali, maana kwa hesabu zao mashine ikizimwa hakuna cha kupima.

Kumbe ndani ya kila pawasaplai ya ATX mna pawasaplai mbili. Ile kubwa inalala na kuamka pamoja na kompyuta. Ile ndogo, yenye volti 5 za kusubiri zinazopita kwenye wa zambarau, haijui usiku wala Jumapili. Maadamu waya uko ukutani na swichi ya nyuma imewashwa, iko kazini. Ndiyo inayokipa uhai kitufe cha kuwashia, kadi ya mtandao inayosubiri kuamshwa, ile taa ndogo kwenye bodi, na zile chipu za bodi ambazo hazizimwi kamwe. Mwaka una saa 8,760. Kompyuta ya ofisini, ukiondoa usiku na sikukuu, inafanya kazi chini ya theluthi ya saa hizo. Volti za kusubiri zinazifanya zote, tena sehemu kubwa zinazifanya feni ikiwa imesimama, joto limejikunyata pembeni ya transfoma yake ndogo na hakuna upepo wa kuliondoa.

Hapo ndipo kiwanda kinapojulikana tabia. Kwenye laini ya 12 kila mtu anatazama, kwa hiyo hata mbahili ataweka kitu cha kuonekana. Kwenye kona ya zambarau hakuna shahidi. Kiwanda chenye haya kinaweka chipu maalumu, TinySwitch au CoolSET au jamaa zao, na kapasita za nyuzi 105 zenye majina yanayosomeka: Rubycon, Nichicon, Nippon Chemi-Con. Kiwanda kinachobana senti kinaweka transista mbili zinazojiendesha zenyewe, na kando yake kapasita moja ndogo, mikrofaradi 22 au 47, ya nyuzi 85, imesimamishwa ikigusana na kile kinachotoa joto kuliko vyote.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kapasita za namna hii, kila joto likishuka nyuzi 10, umri unaongezeka mara mbili. Chukua iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85, iweke mahali penye nyuzi 65: saa 8,000, haimalizi mwaka. Chukua yenye saa hizo hizo 2,000 lakini kwa nyuzi 105, iweke mahali hapo hapo: saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kupumzika. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili huko kiwandani haitoshi kununua kikombe cha kahawa.

Ubaya wa kapasita hiyo ni kwamba inakufa bila kutoa taarifa. Haipasuki, haitoi moshi, mara nyingi hata haivimbi. Inakauka tu, na kadiri inavyokauka udhibiti unapotea na volti za zambarau zinaanza kupanda. Kiwango ni 4.75 hadi 5.25. Zinafika 5.4, zinafika 6, na nimekuta nyingine zimepita 7 huku laini ya 12, ya 5 kubwa na ya 3.3 zikisoma kama mpya. Kipini cha karatasi kitakwambia nzima. Bodi yako, usiku ule ofisi imefungwa na mlinzi anasikiliza redio nje, inaungua kimyakimya. Asubuhi unabonyeza kitufe, hakuna kitu.

Kuna ofisi moja, siitaji, iliyoletewa bodi mpya baada ya ya kwanza kufa. Nayo ikafa baada ya wiki chache. Fundi wao akasema bodi za siku hizi hazina ubora, akawauzia ya tatu. Pawasaplai ilikuwa ile ile tangu mwanzo, na kila alipoulizwa alijibu kwamba ameipima na feni inazunguka. Alikuwa akisema kweli kabisa.

Ugonjwa wa upande wa pili, wa volti kushuka, ni mpole zaidi ila unapotosha zaidi. Mashine inagoma kuwaka asubuhi. Ukichomoa waya ukutani, ukakaa kidogo, ukarudisha, inakubali. Fundi anafuta miguu ya RAM kwa raba ya shule, anarudisha, inawaka, analipwa. Iliwaka kwa sababu waya ulichomolewa, basi.

Mzee aliyenipokea kazini alikuwa na meza Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, enzi ambazo mtaa ule simu zilikuwa bado hazijaumeza. Kazi alijifunzia kwenye redio za National na Philips, na kompyuta alizidharau kidogo mpaka mwisho. Pawasaplai ikiletwa, mpya au kuukuu, hakuwa na haraka ya kuona feni. Anaiunganisha ukutani kupitia balbu ya wati 100, ili kama mna shoti ndani balbu iwake badala ya meza kuruka. Balbu ikitulia anaiondoa, anachomeka ncha ya mita nyuma ya plagi kwenye wa zambarau, anaubebesha rezista ya ohm 5 ya wati 10 ili uvute ampea moja, anaandika namba kwenye plasta ya karatasi, anaibandika juu ya boksi. Kisha anakwenda kunywa chai. Mteja akinung'unika anamjibu, "Kwanza zambarau, mzee wangu. Mengine baada ya chai." Akirudi, boksi limeshapata joto, anapima tena. Namba mbili zikipishana kwa zaidi ya 0.05, anairudisha dukani, hata kama bado iko ndani ya kiwango. Nimesoma karatasi nyingi za Intel kuhusu ATX, na hiyo 0.05 haimo hata moja. Lakini ndiyo ninayoitumia mpaka leo.

Kwa wenye zile pawasaplai za waya nyeusi tupu: hesabu pini kwenye plagi kubwa, ni ya 9, iwe plagi ya pini 20 au 24. Mashine mpya za ofisini za HP na Dell zina plagi za kwao wenyewe, hizo ziacheni kwanza.

Baada ya zambarau ndipo tuje kwenye laini kubwa, nako pia pana ulimbukeni wa kutosha. Volti bila mzigo hazina maana. Nenda Gerezani, nunua balbu mbili za taa za gari, volti 12 wati 55. Kila moja inavuta ampea kama nne na nusu. Unganisha ya kwanza kati ya njano na nyeusi, iache ipate moto, kisha ya pili kwenye plagi nyingine, maana balbu baridi huvuta kwa pupa na unaweza kuisingizia pawasaplai isiyo na kosa. Sasa usitazame njano. Tazama nyekundu. Kwenye pawasaplai za bei rahisi laini ya 12 na ya 5 zinadhibitiwa kwa pamoja na zinagawana koili moja, kwa hiyo ukiielemea ya 12 inashuka, na mdhibiti akijaribu kuiinua anaipandisha na ya 5 ambayo haikuomba. Utaona 12 inateremka 11.6 huku 5 inapanda 5.3. Zilizotengenezwa vizuri zinaitoa ya 5 na ya 3.3 kutoka kwenye ya 12 kwa vibodi vidogo vya pekee, na nyekundu haitikisiki hata ukiongeza balbu. Kiwango kinaruhusu ya 12 ishuke hadi 11.40. Mimi siruhusu. Chini ya 11.8 kwa balbu mbili tu ni aibu.

Wa kijivu nao uangalie mara moja. Kazi yake ni kuiambia bodi kwamba volti zimetulia, na unapaswa kuchelewa kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volti kufika kiwangoni. Kuna viwanda vinauunganisha tu na laini ya 5 kwa rezista, hivyo unasema "tayari" kabla ya chochote kuwa tayari.

Mita, kwa bahati mbaya, haioni viwimbi. Inakupa wastani, na wastani wa 12.0 unaweza kuficha mtikisiko mkubwa kupita milivolti 120 zinazoruhusiwa. Osiloskopu ndiyo dawa, na wengi hatuna. Mzee alikuwa na redio yake ya mkononi yenye masafa ya kati. Aliichomeka kwenye ekstensheni ile ile ya pawasaplai, akaiweka kati ya stesheni mbili. Ikinguruma pawasaplai inapowashwa, anatikisa kichwa. Redio haipimi viwimbi vya laini ya 12, hilo alilijua. Inasikia uchafu unaorudishwa kwenye umeme wa ukutani, na uchafu huo unakuja kwa sababu kiwanda kimeondoa kichujio cha mlangoni. Nafasi za koili na kapasita zimechorwa kwenye bodi vizuri kabisa, halafu pamelehemiwa vipande vya waya. Aliyeiba mlangoni, alisema, na jikoni ameiba.

Matapeli nao wanajua kwamba tunapima kwa uzito. Niliwahi kufungua moja yenye jina la kujitapa iliyokuwa nzito kwelikweli, yenye kile kiboksi cha chuma kinachofanana na koili ya kurekebisha umeme, waya mbili zinaingia ndani yake. Ndani mlikuwa na saruji. Waya zilikuwa zimeishia kwenye saruji. Wengine hawasumbuki hata hivyo: wanachukua ya wati 200 iliyotoka kwenye kompyuta ya mtumba, wanaiosha kwa petroli, wanaipuliza rangi nyeusi, stika mpya, feni yenye taa, na inauzwa kama mpya. Hiyo, cha kushangaza, ndiyo bora kuliko zote za meza ile, kwa kuwa ndani yake bado ni kazi ya kampuni ya Delta.

(Usifungue mwenyewe kama si fundi. Kapasita kubwa inashika volti 325 za umeme wetu wa 230, na haziishi mara unapochomoa waya. Na ile swichi nyekundu ya 115 na 230, kama ipo, ifunge kwa gundi kwenye 230 kabla mtu wa usafi hajaisukuma na kitambaa.)

Delta, basi. Wati 235, wati 255, boksi la kijivu lisilo na mapambo, stika yenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu aliwahi kuyapiga picha. Zilishuka bandarini ndani ya kompyuta za OptiPlex zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya, pamoja na za Lite-On na za FSP, na intaneti kafe za mji huu ziliishi juu ya migongo yao: joto, vumbi, umeme unapepesa, jenereta inaingia kwa kishindo, na mashine kumi na mbili zinaendelea kuchapa wasifu wa watu wanaotafuta kazi. Siku hizo ukimwambia muuzaji nataka pawasaplai anakuuliza ya mashine gani, ina diski ngapi. Sasa anakuuliza unapenda taa ya rangi gani.

Najua Delta ya miaka kumi na tano si mpya. Kapasita zake zimezeeka, waya zake ni fupi, na haiwezi kulisha kadi ya michoro ya leo. Ukitaka mpya, zipo: Seasonic, Super Flower, na FSP bado wanatengeneza vitu vya watu wazima, na mara nyingi boksi lenye jina la kampuni nyingine lina kazi yao ndani. Zinagharimu mara mbili au tatu ya ile yenye taa. Kwa kompyuta ya ofisi yenye prosesa ya kawaida na isiyo na kadi ya michoro, ya wati 300 ya ukweli inatosha na kubaki. Mhasibu wangu mashine yake nzima haivuti hata wati 150, ndiyo maana ile 700 yake ya 216 haijamwumbua bado kwenye laini ya 12. Wa zambarau wake niliupima nikiwa pale pale, mashine ikiwa imezimwa. 5.31, na ina miezi mitano tu. Nimemwambia awe anaizima ukutani kila jioni mpaka aipatie mbadala.

Ombi langu ni kwa wenye maduka wa Kariakoo, na wenzao wa Luthuli kule Nairobi. Wekeni kwenye kaunta soketi moja yenye swichi, mita ya kawaida, na rezista ya ohm 5. Mteja aruhusiwe kuichomeka pawasaplai aliyoichagua, asome pini ya 9, akae nusu saa kwenye benchi, asome tena ndipo alipe. Mwenye mali nzuri hatapoteza chochote kwa kipimo hicho. Nanyi wanunuzi, duka likikataa kuichomeka kwa madai kwamba boksi likifunguliwa haliuziki, nendeni duka linalofuata.